Miti ya Mke Mwenzangu

Bismillahi. Sogeeni, wanangu. Jaifar kaa hapa kuliani kwangu, na wewe Ibtihal hapa karibu na kichwa, na hicho kiyoyozi kipunguzeni, maana sauti yangu siku hizi haishindani na kitu. Nisikilizeni mpaka mwisho, wala msinambie "pumzika, mama", kwani kupumzika kunakuja kwenyewe bila ya kuitwa. Nilimwomba daktari asinifiche, naye hakunificha, Mungu amlipe kheri.

Ya mirathi sitosema mengi. Nyumba hii ya Mabela na lile duka la Hamriya vina wenyewe, sharia imeshawagawia, na asije mmoja wenu akasema kuwa mama alimnong'oneza kitu sikioni. Dhahabu zangu zigaweni kama Mungu alivyoamrisha. Hapana wosia kwa mrithi, mnajua. Nilichobakiwa nacho cha kumwusia mtu wa nje ni kimoja tu, nacho ni ile picha ya miti iliyotundikwa ukumbini, ambayo nyinyi wawili mmeshaanza kuigombania hata macho sijafunga. Msidhani sisikii. Jaifar unataka iondoke kwa sababu watu wake hawana nguo, na unasema malaika hawaingii. Ibtihal unataka irejeshwe kwa mwenyewe, ndivyo unavyomwita, "mwenyewe". Lakini babenu alipofariki nyote mliniachia fungu lenu la picha hiyo, mkasema ni kumbukumbu ya mama, basi ikawa milki yangu. Na tangu siku hiyo hapana aliyeniuliza mimi nnaitakaje. Leo nasema bila ya kuulizwa.

Nilipoolewa na babenu, Thani, kule Unguja, ndiyo kwanza alikuwa karudi kutoka Ujerumani ya Mashariki, alikopelekwa kusomea mitambo ya kupigia chapa. Alinichumbia kabla ya kuondoka, nami miaka yote aliyokuwa huko nilimngoja, nikajifunza kushona, nikajifunza kupika, nikajifunza na kunyamaza, kwa kuwa wakati ule binti akingoja alingoja kimya. Siku ya kupakwa hina, wifi yangu Masouda, dada yake babenu, akaniinamia akasema, "Mume umempata, lakini kaja na mke mwenzio ndani ya sanduku." Nikadhani ni mzaha wa mawifi. Masouda keshatangulia mbele ya haki, na nimemsamehe, au tuseme nimejaribu. Fungate ilipokwisha, babenu akafungua sanduku lake, akatoa karatasi iliyoviringishwa ndani ya shati la baridi, akaipeleka kwa fundi kutiliwa fremu ya mkangazi kabla hajaninunulia hata kitambaa cha dirisha.

Mmeiona maisha yenu yote, lakini kila mmoja huona kwa jicho lake, basi nakwambieni mimi nilivyoiona. Ni picha ndogo, haifiki ukubwa wa sinia, na haina rangi. Aliyeichora aliikwaruza kwa sindano juu ya bamba la shaba, kisha ikapigwa chapa kwa wino mweusi, na babenu alikuwa akisema hapo ndipo penye ufundi, kwamba mkono ule ulikuwa na haraka na bado haukukosea. Mimi niliona mikwaruzo. Miti imesimama kama watu, na watu wamesimama kama miti, hujui huu mguu au shina. Ni watu wanne walioingia msituni kuoga. Watatu wako pamoja, na wa nne, mwanamke, kakaa peke yake chini ya mti, katupa mgongo, nywele zake fupi, kichwa kakiinamisha upande kama mtu aliyesikia anaitwa. Hapo, kwenye mgongo ule, ndipo jicho la babenu lilipokuwa likitua. Nilimfuata jicho siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na jicho la mwanamke halihitaji mkalimani.

Nikamuuliza, "Thani, huyu nani?" Akanambia, "Miti tu hiyo, Hamdiya."

Watu walipoanza kurudi huku Omani, nasi tukafunga safari. Niliacha cherehani yangu, nikaacha vyombo vya mama yangu, niliacha hata mlango wa chumba chetu ambao marehemu baba aliuchonga kwa mkono wake, kwa kuwa hapakuwa na nafasi. Picha ilipata nafasi. Tukapanga Hamriya, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, wewe Jaifar ukazaliwa pale, na babenu akaajiriwa matbaa, kunakopigwa chapa vitabu vya skuli. Msumari wa kwanza kupigwa katika nyumba ile ulikuwa wa picha. Wakija wageni nilikuwa naishushia pazia, wakiondoka yeye hulipandisha, hatugombani, hatusemezani, pazia linashuka na kupanda. Na kila baada ya Alasiri alikaa mbele yake na kikombe cha kahawa, na ukimsemesha hujibu baada ya kitambo, kama mtu anayerudi kutoka mbali.

Nikamuuliza tena, na tena. Akawa ananijibu, "Maskati hapana miti, mtu hutamani kivuli." Haya. Tulipojenga hapa Mabela, wakati huo pakiwa jangwa na mawe, nikapanda mitende miwili na mlimao uani, nikaimwagilia maji kwa ndoo mpaka mgongo ukaniuma, na mlimao ulipokuwa mkubwa nikamwekea kiti chini yake, nikamwambia, kivuli chako hicho, sasa iteremshe ile. Akakaa, akanywa kahawa yake, akausifu mlimao, kisha akaingia ndani kutazama ukuta.

Wanangu, lau angekuwa mwanamke wa Ruwi au wa Matrah ningejua la kufanya. Mke mwenza wa nyama na damu huugua, hunenepa, huzeeka, mtagombana na mtapatana, na watoto wenu watacheza pamoja. Huyu wangu wa wino hakuotwa na hata unywele mmoja mweupe. Mimi nimezaa, nimezika mtoto mmoja, meno yameng'oka, magoti yameisha, naye kakaa pale pale chini ya mti wake, mgongo umenyooka. Nilikuwa nikipangusa kioo chake kwa kitambaa kila Alkhamisi, na kila Alkhamisi natamani mkono uniteleze. Haukuniteleza. Sikutaka babenu anione mdogo.

Kisha yakaja maradhi. Mnayakumbuka, lakini nyinyi mlikuwa na kazi zenu na nyumba zenu, mimi ndiye niliyekuwa ndani. Kwanza alipotea njia akitoka msikitini. Baadaye yakamtoka majina ya wajukuu, kisha Kiarabu chote isipokuwa Sala, kisha na Kiswahili, lugha aliyonipenda nayo kama alinipenda, kikamomonyoka neno kwa neno. Akawa ananitazama kama mtu anavyomtazama mtumishi mgeni. Mwisho akawa ananung'unika maneno tusiyoyafahamu. Tukadhani ulimi umeharibika. Akakataa chakula. Nikimpelekea kijiko hufumba mdomo, akanung'unika vilevile, akalia.

Siku moja akaja Musallam kutoka Yiti kumtazama, yule rafiki yake waliyesoma pamoja Ujerumani. Akakaa kitandani, akamsikiliza, nikaona uso wake unabadilika. Akanigeukia, akasema pole pole, "Hamdiya, mzee anaomba maji."

Wiki nzima alikuwa akiomba maji, wanangu, ndani ya nyumba yake, mbele ya mkewe, kwa lugha ambayo hapana aliyeijua. Nikaleta maji, akanywa. Musallam akamsemesha Kijerumani chake kilichopata kutu, na babenu akajibu, tena akajibu kirefu, lakini chakula bado hakutaka. Nikamwambia Musallam, nifasirie anachosema, usinipunguzie. Alisitasita, mzee wa watu. Akanambia, "Anamtaka mtu. Anauliza kwa nini hajarudi kutoka kazini." Nikamuuliza kama mtu huyo yu hai. Akanambia yu hai, na kwamba yeye Musallam hupata khabari zake. Miaka yote ile Musallam anakula wali wangu na anajua. Nikamwambia, "Mwite aje."

Jaifar, wewe uliniona nimerukwa na akili. Uliniuliza mbele ya mkeo vipi naweza kumwingiza mwanamke wa kikafiri ndani ya nyumba ya baba yako. Sikukujibu siku ile, nakujibu leo. Mtu anakufa njaa na anayeweza kumlisha yuko Ujerumani, basi hata awe nani utamwita. Nilimwita, nami naungua. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atapona na nini.

Siku ya kufika kwake nilivaa dhahabu zangu zote asubuhi. Nilifukiza udi nyumba nzima, nikapika halwa, nikavaa lile gauni la zari la harusi ya Ibtihal. Nilitaka anione. Nikakaa nikimngojea yule mwenye mgongo. Mlango ukafunguliwa, akaingia bibi kizee mfupi, miguu imevimba, kavaa viatu kama vya mwanamme, anatembea na bakora. Laiti angekuwa mzuri. Mzuri ningemchukia nikastarehe. Huyu nilimwona nikataka kumvutia kiti, na nikazidi kuungua, maana nilijiuliza ikiwa si uzuri uliomshika babenu miaka yote hii, basi ni kitu gani, na mimi nitakipata wapi?

Akaingia chumbani. Babenu akageuza kichwa. Ule uso, wanangu, ule uso uliokuwa umefungwa kama duka la mtu aliyehama, ulifunguka. Akalitaja jina lake. Silitaji mimi jina hilo, nimeliitikia mpaka likanichosha, mtasikia. Yule bibi akapiga magoti kwa shida, akachukua bakuli la uji mkononi mwangu, akasema neno moja fupi kama chafya, na babenu akafumbua mdomo akala. Mimi nimesimama pale nimeshika kifuniko cha bakuli.

Alikaa kwetu, chumba chako cha usichana, Ibtihal. Asubuhi ya pili nilimkuta ukumbini kasimama mbele ya picha, analia. Nikakwita ufasiri, ukaja ukasimama baina yetu na Kiingereza chako. Nikamwonyesha kwa kidole yule mwanamke wa peke yake, nikamwambia najua kuwa ni wewe. Akanitazama, akacheka kidogo na machozi yake yanamtoka, akasema, "Mimi sikuwa nimezaliwa." Ndipo akatuhadithia. Baba yake alikuwa mpiga chapa, akiwapigia wachoraji wa mji wao picha zao, na hii ilichorwa na mmoja wao kabla ya vita vya kwanza. Baadaye wakaja watawala waliosema picha kama hizi ni uchafu, zikakusanywa, zikachomwa, na yule baba akaificha moja nyuma ya kabati. Alipokufa, ndiyo pekee aliyomwachia bintiye. Na binti akampa babenu siku alipopanda gari la moshi kurudi kwetu.

Basi umri mzima nilimwonea wivu mtu asiyekuwepo. Mngedhani nilipoa. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilizidi, kwa kuwa sasa nilijua alimpa babenu kitu ambacho hana kingine kama hicho, kitu ambacho baba yake alihatarisha roho kwa ajili yake, akampa tu, akabaki mikono mitupu kwenye kituo. Mimi nimempa babenu watoto, chakula, nguo safi, miaka. Kila mke hutoa hayo. Nilitafuta kitu kimoja nilichompa ambacho mwengine asingeweza kumpa, nikatafuta mpaka alfajiri, sikukiona.

Nilipojua kuwa hawezi kukaa sana, ana nyumba yake na maradhi yake, nikafanya jambo ambalo hapana anayelijua vizuri ila wewe, Ibtihal. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamshika mkono nikamwingiza jikoni, nikamnyooshea kijiko, nikamnyooshea maji, mkate, mto, taa, nikamwambia nifundishe. Mimi, niliyekuwa bibi wa wajukuu, nikakaa juu ya kibao cha mbuzi kama mwanafunzi wa chuoni, na mwalimu wangu ni yeye. Akinisahihisha ulimi nilikuwa natamani kumpiga na mwiko. Lakini nilijifunza. Kula. Kunywa. Lala. Nipo hapa. Hilo la mwisho alinifundisha bila ya kumuuliza.

Usiku wa kuamkia safari yake alisimama tena mbele ya picha, akauliza, kwa adabu, siwezi kumsingizia, kama iko siku anaweza kuirudisha kwao. Nikamwambia, "Mume umemchukua. Picha niachie."

Ibtihal, uliogopa kufasiri, nikakukaripia, ukafasiri. Yule bibi akasema, "Mimi nilimwomba abaki. Alikataa. Alinambia kuna mtu anamngoja."

Nimelala na maneno hayo tangu siku ile. Nyinyi mliona yamenifariji, mkanikumbatia. Sikilizeni vizuri. Kurudi kwa ahadi na kurudi kwa mapenzi ni njia moja, chombo kimoja, bandari moja, lakini anayeshuka si mtu mmoja. Yupi aliyeshuka Unguja? Ningalimuuliza, na wakati huo hakuwa na lugha ya kunijibu nayo. Moyo wa mtu msitu wa kiza, nami nimezunguka nje ya msitu ule maisha yangu yote, nasikia watu wanazungumza ndani.

Akaondoka. Babenu akanigeukia mimi na kijiko changu, nikasema lile neno la chafya, akafumbua mdomo. Akala kwa mkono wangu. Na akaniita kwa jina la yule. Niliitika. Aliniita asubuhi niliitika, aliniita jioni niliitika, akinishika mkono na kuniambia maneno marefu laini nisiyoyajua, nami najibu "nipo hapa", kwa kuwa ndilo nililokuwa nalo. Miaka miwili ya mwisho ya ndoa yangu nilikuwa mke wa mume wangu kwa jina la mtu mwengine. Maneno mazuri aliyoyasema miaka hiyo, na sauti yake ilikuwa ya kijana, sijui hata moja maana yake. Siku ya kufa kwake alinitazama, akaliita jina lile, nikaitika. Kisha wewe Jaifar ukamtamkisha shahada, akaitamka kwa Kiarabu fasaha, akanyamaza. Kwa hilo la pili namshukuru Mola wangu. Kwa hilo la kwanza, bado.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Jaifar, mwanangu, wewe umerithi midomo ya babako. Mkeo Jumana akikuuliza jambo, mjibu. Hata liwe chungu, mjibu, atalia siku moja na litakwisha. Babako hakunidanganya hata siku moja, na hakunijibu hata siku moja, na mtu asiyejibiwa hujijibu mwenyewe, tena kwa ubaya. Na Musallam akija matangani, mkirimuni. Nilimwekea kinyongo kwa kunyamaza kwake, lakini ndiye aliyenambia maji.

Sasa picha. Ibtihal, najua ulikwenda kwa yule bibi Ujerumani mwaka juzi ukanambia unakwenda kutembea tu. Nimeiona kwenye simu yako picha yenu, mmesimama wawili ndani ya miti, kakushika bega, nawe unacheka na meno yote. Unamwita nyanya kwa lugha yao. Sikusema kitu. Leo nasema: iliniuma kuliko yote.

Basi namwusia yeye picha ile. Irudisheni kwao. Msidhani nimekuwa mwema mwisho wa safari, msinisingizie. Nairejesha kwa sababu nikiondoka mimi, na yeye akabaki ukutani, mtakaa ukumbini na kahawa zenu mkimtazama yeye, mkiwahadithia wajukuu zangu khabari za yeye, msitu wake, baba yake na kabati lake. Ni hadithi nzuri kuliko yangu, najua. Sitaki. Katika nyumba hii nataka nikumbukwe mimi. Pale kwenye msumari msitundike kitu, uacheni ukuta mweupe, na mtoto akiuliza hapo palikuwa na nini mwambieni bibi yako aliamrisha iondoke.

Ataipeleka Jaifar. Si wewe, Ibtihal, usinitazame hivyo. Jaifar hampendi, hatokaa kula keki. Aifunge vizuri, kioo kisivunjike, amkabidhi mkononi, na amwambie maneno yangu haya, asiongeze wala asipunguze: Hamdiya anakurejeshea miti yako. Mume hakurejeshei.

Mimi nizikeni haraka, kwa sanda ya kawaida, msinilie kwa sauti. Haidhuru kaburi langu likiwa mbali na lake. Mola wangu atamfufua na akili zake zote na lugha zake zote, na hapo, inshallah, nna suali moja la kumuuliza, nami nitamuuliza kwa Kiswahili.

Njooni mnishike mikono. Mwenyezi Mungu akupeni afya na mapenzi yenye kusemwa. Awape watoto wenu macho ya kutazama walivyonavyo. Awazidishie riziki ya halali, asikufarakisheni kwa ajili ya kuta na mawe. Nimekuridhieni, nyote, dunia na akhera. Jaifar, funga lile... lile dirisha, jua limenipiga machoni. Ahsante, baba.

Ibtihal. Karibu zaidi, sauti haitoki. Najua yule bibi anakupigia simu kila Idi, asubuhi, kabla hujaja kunipa mkono mimi. Usikate. Mjibu, mzee wa watu, yuko peke yake. Lakini Idi hii inayokuja... simu ikilia... iache ilie kidogo. Niombee dua mimi kwanza. Mimi kwanza, mwanangu. Kisha pokea.